Wanga wa Mabela

Siku ya kwanza nilipolitamka neno hilo jikoni,
"Nakunywa wanga, shangazi, kila nikitoka mazoezini,"
Bi Shinuna aliweka upawa chini,
akasoma Ayatul Kursi mpaka mwisho,
ndipo akauliza:
"Wa hapa hapa, au wamenifuata mimi kutoka Wete?"

Nikamwonyesha kopo.
Jeusi, kubwa kama ndoo ya rangi,
limechorwa mwanamume asiye na shingo.
"Huyu ndiye mkuu wao?"
Hapana, shangazi. Huu ni wanga wa mahindi,
umevunjwavunjwa hata ukawa vumbi,
hauna harufu, hauna ladha ya maana,
unashuka haraka kuliko wali
na misuli inaufyonza kama sifongo.
Sajith wa duka la Al Khoud kaniuzia riali kumi na mbili,
kaapa kwa watoto wake kwamba si dawa.
"Riali kumi na mbili," alisema shangazi.
"Unga wa mahindi."
Hilo la bei lilimuuma kuliko uchawi.

Lakini sikatai, kuna kuwanga ndani yake.
Saa sita za usiku, Agosti, joto halijashuka,
kiyoyozi kinakohoa juu ya mlango,
na sisi wanane, vifua wazi, mbele ya vioo,
mikono imepakwa chaki mpaka kwenye vifundo,
tunakizunguka chuma tukinong'ona na kuguna.
Nasibu wa Tanga, mlinzi wa benki,
hunipiga kofi la mgongo kabla sijainua.
Jirani akichungulia ataita shekhe.

Nyumbani mizani ni moja,
ya jikoni, ya kioo, betri yake hufa kila mwezi.
Asubuhi ni yangu: gramu tisini za unga, naongeza.
Mchana ni yake: nusu kikombe cha wali, anapunguza.
Miaka kumi na moja ya kisukari.
Wanga ule ule, mimi naukimbilia, yeye anaukimbia,
na sote wawili
huidanganya mizani kwa ncha ya kidole.

Jumanne ile alijichoma sindano, akasahau kula.
(Au hakusahau. Tulikuwa tumenuniana kwa ajili ya gari.)
Saa tisa nikasikia kitu kikianguka.
Nilimkuta kaketi sakafuni, jasho baridi,
ananiita kwa jina la marehemu baba,
ulimi mzito, macho yananipita
kana kwamba mimi ni dirisha.
Sukari hakuna, mwenyewe aliipiga marufuku.
Tende zimo kwenye friji, ngumu kama kokoto,
na meno yake yamo kwenye bilauri.
Nikalishika kopo.
Vijiko viwili, maji, nikatikisa
kwenye chupa yangu inayonuka jasho la wiki,
nikamshika kidevu.
Kunywa. Meza. Tena.

Robo saa ni ndefu ukiihesabu kwenye kipima sukari:
mbili nukta sita.
Tatu nukta moja.
Nne nukta tano.
Akanitazama, akanijua, akakunja uso:
"Mbona hauna ladha?"

Ijumaa, Suhar, kilo mia mbili na thelathini
zilinishinda mbele ya waamuzi watatu.
Taa tatu nyekundu.
Siku zote tatu nilikuwa naamka saa tisa
kusikiliza pumzi ng'ambo ya ukuta.
Sajith akasema niongeze kipimo. Kwake kila jambo ni kipimo.

Kopo sasa linakaa chumbani kwa shangazi,
kando ya tasbihi na mafuta ya magoti,
limefunikwa kitambaa
kwa sababu ya yule mtu asiye na shingo.
Mimi nimerudia viazi vitamu.
Wageni wakimuuliza kuna nini mle,
Bi Shinuna hujibu bila kupepesa:
"Wanga. Wa huyu mtoto.
Huja usiku, nikiwaita."